Kalamu Nyekundu na Vitabu Vitatu vya Databesi

Pale Jinja, kwenye baraza la duka la zamani la Kihindi ambalo jina la mwenyewe bado limechongwa juu ukutani ingawa siku hizi ndani wanauza magodoro, kuna benchi. Si benchi la kumtamanisha mtu. Ni ubao uliotoka kwenye bodi ya lori, ukapigiliwa juu ya magogo mawili, na ukikaa vibaya suruali yako ndiyo itakayojuta. Lakini tangu saa tatu asubuhi mpaka birika la Nasuru likauke, hakuna ofisi mjini inayotoa maamuzi mengi kama lile benchi. Nasuru mwenyewe wanamwita Mbili Mbili, kwa sababu hajazaliwa bado mtu wa kununua kwake kikombe kimoja akaachwa aende zake. Kulia kwake hukaa Afande Alfayo, mwanajeshi mstaafu aliyevaa sare za serikali tatu na kutoka jeshini na goti moja zima. Kushoto, siku ambazo lori lake limeharibika, hukaa Joash, dereva Mkenya wa kutoka Kisumu, anayeitwa Gia Kubwa. Na chini, juu ya turubai, Mama Nulu hupanga vitabu vya mitumba, ndiyo maana jina lake ni Maktaba. Jumamosi moja ya mwaka 2005, kahawa ikiwa bado inachoma ulimi, akatokea Wamboga na begi lake la ofisi.

– Kalamu Nyekundu! Nasuru alipiga kelele. Wallahi, wewe bado uko hai? Kaa. Hiki chako. Na hiki chako.

Wamboga hakuwa mgeni. Zamani alikuwa karani wa stoo hapahapa Jinja, kabla kiwanda hakijafungwa na yeye kurudi kwao Mbale. Jina la Kalamu Nyekundu alilipata stoo, maana hakuna kosa lililowahi kupita mezani kwake bila kupigwa mstari mwekundu. Hata leo kalamu yenyewe ilikuwa inachungulia kwenye mfuko wa shati. Alikaa, akajua palepale kwamba amekalia msumari, akasogea.

– Sikuja kupiga soga, alisema. Taksi ya abiria ya kurudi Mbale inaondoka saa nane. Nimekuja kwa Mama Nulu kutafuta kitabu.

– Kitabu cha nini, bwana? aliuliza Afande.

– Cha databesi. Cha kujifunza kuitengeneza.

Neno jipya likifika pale huwa hawakubali kwamba hawalijui. Kwanza wanalinywea kahawa.

– Hiyo ni gari ya Wajapani? Joash alijaribu.

– Si gari. Ni kama daftari lililo ndani ya kompyuta, ila hili unaweza kuliuliza swali. Unaliambia, nipe wajane wote wenye watoto chini ya miaka mitano, linakupa hujameza mate. Shida ni kwamba lazima mtu alipange kwanza, na aliandikie amri zake. Mtu huyo ndiye mimi, na pa kuanzia sipajui.

Akawaeleza yote. Vita vya waasi wa kaskazini vilipoteremka mpaka Teso, watu walikimbilia huku na huku, wengine wakafika Mbale, na Wamboga akaajiriwa na ofisi ya misaada kuandika majina yao. Ana madaftari kumi na manne. Sasa hali imetulia na watu wanarudi makwao kulima. Kila nyumba itapewa mabati, majembe na mbegu, na vitagawiwa kwa orodha. Jumatatu kompyuta inaletwa. Mkubwa wake amesema majina yote yawe ndani ya mashine kabla mvua haijaanza, na Wamboga amepewa barua ya kununua kitabu kimoja cha kujifunzia. Kimoja, na risiti yake.

– Nikichagua kibaya, nitapanga vibaya, alisema. Nikipanga vibaya, kuna mtu atafika kwao akute nyumba iliyochomwa, na mkononi hana hata punje ya mtama. Sitanii. Tangu wiki jana silali vizuri.

– Bambi, maskini, Mama Nulu alisema. Ngoja nikutolee.

– Lakini kazi ya majina unaiweza, Nasuru alimpa moyo.

– Hiyo naiweza! Uso wa Wamboga ulichangamka kidogo. Mwaka jana nilikamata watoto mia mbili na kumi na saba walioandikwa mara mbili. Mtoto yuko kwa mama yake, halafu yuko kwa mjomba wake. Niliwapiga mstari. Mkubwa alinishika mkono mbele ya watu.

– Hiyo ndiyo kazi! Afande alipiga goti lake zima. Mwizi wa posho apigwe mstari!

Mama Nulu alirudi na vitabu vitatu, akavilaza juu ya benchi kati ya vikombe. Alisema vimetoka kwenye chuo kimoja kilichohama. Cha kwanza kilikuwa kinene kuliko tofali, na mnara umechorwa kwenye jalada. Cha pili kilikuwa kinang'aa, kina mfuko wa sidii kwa nyuma, na maandishi ya dhahabu yaliyoahidi kwamba msomaji atakuwa fundi kwa siku moja. Cha tatu hakikuwa na jalada kabisa. Kilianzia ukurasa wa tano, na pembe zake zilikuwa zimelainika kwa kushikwashikwa.

– Wacha mimi nikuambie, Joash alisema na kunyakua kile kinene. Mambo ya speya nayajua. Speya orijino ni nzito. Ile feki unaibeba na kidole. Hii hapa ni orijino, shika uone.

– Hiyo utaibeba mpaka Mbale kwa mkono gani? Afande alimkata. Kitabu ya mafunzo si mzigo. Mimi nimefundisha makuruti. Unafungua, unahesabu amri. Simama! Geuka! Fungua! Kama sentensi ni ndefu, huyo mwalimu ni mwoga. Na kama anasema tafadhali, tupa.

– Databesi haipigi kwata, Afande, Joash alisema.

– Wewe umesikia mwenyewe, anasema anaandikia hiyo kitu amri! Sasa amri ni ya nani kama si ya jeshi?

Wamboga akajikuta anafungua kile kinene kuhesabu amri. Akajishtukia, akaacha.

– Nyote mnakosea, Nasuru alisema huku akimimina. Tazama madoa. Kitabu chenye doa la kahawa kilisomwa na mtu aliyekuwa macho. Doa la mchuzi, huyo alikuwa anakula tu. Na kitabu kisicho na doa, huyo alikinunua ili aonekane nacho.

– Kwa hiyo nichague kitabu kichafu?

– Chagua kilichokesha na mtu.

– Ah, mnapoteza muda wa mtu bure, Joash alisema. Dawa iko. Unasimamisha kitabu kwa mgongo, unaachilia. Mahali kinafunguka, hapo ndipo mwenyewe alikuwa anakaa sana. Kikifunguka mwanzo, jua aliyekinunua alishindwa na mlango.

Hakungoja ruhusa. Alisimamisha kile kinene, akakiachilia. Kilifunguka ukurasa wa tisa, kikalala hapohapo na kurasa elfu moja upande mmoja, safi, zimeshikana kana kwamba hazijawahi kuona jua. Kile chenye dhahabu nacho kilifunguka kwenye picha ya mtunzi, amefunga tai.

– Aliishia kuangalia tai, Nasuru alisema.

– Tai ni dalili mbaya, Afande aliongeza. Mtu ya kazi anakunja shati. Mimi nasema mtunzi aletwe hapa, asimame kwa mvua saa mbili, kama bado anaeleza vizuri, basi tununue.

– Na sidii je? Nasuru aliuliza. Mimi nimesikia ukiiweka ile sidii, kompyuta inajisomea kitabu yenyewe. Wewe unakunywa kahawa tu. Jioni inakusimulia.

Joash alichomoa sidii kwenye mfuko, akaigeuza juani, akaangua kicheko mpaka akakohoa. Ilikuwa ya muziki wa Kongo. Alikuwa nayo hiyohiyo kwenye lori.

– Mama Nulu! Unawauzia watu rumba!

– Mimi nilivinunua kwa gunia, Mama Nulu alijitetea. Mifuko sikupekua. Haya, mmemaliza? Ssebo, bwana Wamboga, wanaume hawa watakukosesha taksi. Nijibu mimi. Kompyuta yako ina programu gani?

Wamboga akatoa karatasi aliyonakilia jina la programu na namba ya toleo lake. Mama Nulu alivaa miwani yake yenye mkono mmoja, akalinganisha.

– Hiki kinene ni cha programu nyingine, ya mashine kubwa za mabenki. Utakisoma mwaka mzima, ukija kwenye kompyuta yako hukuti hata kitufe kimoja kinachofanana. Hiki cha dhahabu ni cha programu yako na toleo lako hasa. Hiki kisicho na jalada ni cha programu yako pia, ila cha toleo la nyuma.

– Basi nichukue cha dhahabu.

– Subiri. Kina mazoezi?

Wamboga akapekua. Kilikuwa na picha, mishale, na maneno ya kumsifu msomaji. Zoezi hakuna.

– Mtu hajifunzi kushona kwa kuangalia cherehani, Mama Nulu alisema. Sasa angalia huku.

Alikifungua kile kikuukuu. Kila sura ilimalizika kwa mazoezi, na majibu yalikuwa nyuma. Pembeni mwa kila zoezi, mwenye kitabu wa zamani alikuwa ameandika kwa penseli, amekosea, amefuta kwa raba, ameandika tena. Wamboga alifuata penseli ile sura kwa sura. Sura ya tatu makosa yalikuwa mengi hadi huruma. Sura ya saba yalikuwa mawili. Penseli ilifika mpaka sura ya mwisho.

– Huyu alifika, Mama Nulu alisema.

– Lakini ni toleo la zamani, mama. Na hakina jalada. Nitampelekea mkubwa kitabu kisicho na uso? Atasema nimeokota.

Hapo ndipo alipokwama, tumsamehe. Barua ya ofisi ilikuwa mfukoni, saa ilikuwa inakwenda, na cha dhahabu kilikuwa kinampendeza macho. Mkono wake ulikuwa tayari umekishika.

Wakati huo alikuwa amefika mwanamke mwenye beseni la vidonge vya simsimu, yaani ufuta, kichwani. Nasuru alikuwa ameanza kununua kwake wiki ile, vya kuuzia na kahawa, ila kijiweni hakuna aliyekuwa amemuuliza hata jina. Alikuwa ameteremsha beseni, anasubiri Nasuru amalize kumimina, na masikio yake yalikuwa kwenye vitabu.

– Baba, samahani, alimwambia Wamboga. Hivyo vinafundisha kuandika watu?

– Ndiyo, mama. Kuandika watu kwenye kompyuta.

– Mimi naitwa Santa. Natoka upande wa Lira, sasa nakaa hapa Jinja, Mpumudde. Nina swali.

– Uliza, mama, Nasuru alisema na kumpa kikombe. Halafu akampa cha pili.

– Waasi walipokuja nilikuwa na watoto watatu. Nikawagawa. Wawili nilibaki nao, yule wa katikati, Ogwang, nikampeleka kwa shangazi yake Soroti. Wengi tulifanya hivyo. Wakikukuta na watoto wote pamoja, wanachukua wote.

Afande alikuwa anaangalia chini.

– Kambini nikaandikwa na watoto watatu, maana ni wangu, nimezaa mimi. Shangazi naye kule akaandikwa na Ogwang, maana ndiye anamlisha. Watu hawakosi maneno. Karani wa kwetu akasikia Ogwang yuko Soroti, akamkata. Karani wa Soroti akasikia Ogwang yuko kwetu, akamkata. Wote wawili, na kalamu nyekundu. Sasa tunaambiwa turudi nyumbani, kila mtu na mbegu zake. Mtoto yuko mzima, anakua, ana miaka kumi. Lakini hayuko kwangu na hayuko kwa shangazi. Hayupo. Katika vitabu vyenu hivyo, Ogwang anaandikwa kwa nani?

– Anaandikwa pale analala, Afande alisema haraka.

– Shule ikifunguliwa analala kule. Ikifungwa analala kwangu.

– Basi kwa yule amemzaa, Joash alisema.

– Na shangazi aliyemlisha miaka miwili asipate hata mbegu?

– Aandikwe nusu huku, nusu kule, Nasuru alisema, halafu mwenyewe akaona aibu na kujifanya anatafuta kikombe.

Jambo la kwanza lililomjia Wamboga kichwani lilikuwa hili: si kambi yangu. Akashusha pumzi. Halafu akaona haya kwa kushusha pumzi ile, maana yeye anao mia mbili na kumi na saba, na ndio kwanza alikuwa amejisifu nao kwenye benchi hilihili, na kahawa ya sifa zile ilikuwa haijapoa.

Akaanza kutafuta. Kwa mara ya kwanza tangu afike alikuwa anajua anachokitafuta. Kwenye kile kinene, mfano ulikuwa wa benki: kila mteja na tawi lake moja. Akakifunga. Kwenye kile cha dhahabu, mfano ulikuwa wa kampuni: kila mfanyakazi na ofisi yake moja. Akakifunga. Katika kile kisicho na jalada alipita mazoezi ya duka, akapita ya kuku na mayai, akafika sura ya tisa. Hapo palikuwa na wanafunzi na masomo.

– Ngoja, alisema. Ngojeni kwanza.

Akasoma kwa sauti ya chini, kidole kwenye mstari.

– Mwanafunzi mmoja ana masomo mengi. Somo moja lina wanafunzi wengi. Sasa anasema usimwandike mwanafunzi ndani ya somo, wala somo ndani ya mwanafunzi. Fanya orodha tatu. Ya kwanza ni ya wanafunzi, kila mmoja mara moja tu. Ya pili ni ya masomo. Ya tatu inakaa katikati, kazi yake ni kusema nani yuko kwenye somo gani, na akiwa kwenye masomo matano anatajwa mara tano, na hilo si kosa.

– Sijaelewa, Joash alikiri. Nasikia ni siku ile tu alipokiri kitu.

– Ogwang ni mmoja. Anaandikwa mara moja kwenye orodha ya watu. Nyumba ya mama Santa inaandikwa, nyumba ya shangazi inaandikwa. Halafu katikati unasema: Ogwang, nyumba ya mama, mtoto wa kuzaa. Ogwang, nyumba ya shangazi, analelewa. Mashine haikatai. Sisi ndio tulikuwa tunakataa.

Pembeni, yule mtu wa penseli alikuwa amekosea zoezi hili mara tatu. Mara ya nne alipata, akajiwekea alama ya vema kubwa kama mtoto wa shule. Wamboga alitamani kumjua mtu huyu, amnunulie kahawa, mbili.

– Nachukua hiki, Mama Nulu. Andika risiti.

– Na mkubwa wako? Na uso wa kitabu?

– Nitakivalisha gazeti.

Mama Nulu akaandika risiti. Afande akasema hata yeye tangu mwanzo alikuwa anakipenda kile, kwa sababu ya makunjo. Wamboga hakucheka. Alikuwa anamtazama Santa.

– Mama, alisema. Mimi ni karani. Si wa kwenu, wa Mbale. Lakini kazi ni hiyohiyo. Nilikata watoto mia mbili na kumi na saba. Nilidhani ni wizi.

Santa hakushtuka wala hakumkaripia. Aliitazama kalamu iliyokuwa mfukoni, kisha akamtazama usoni.

– Majina bado yanasomeka chini ya mstari?

– Yanasomeka. Wino mwekundu haufichi.

– Afadhali. Basi wewe ni karani, niambie hiki. Siku ile nilikuwa nimesimama mbele ya meza yake, karibu hivi nilivyo na wewe. Kalamu ilivyopita juu ya mtoto wangu niliiona. Nilikuwa hapohapo. Kwa nini hakuniuliza?

Afande alishika goti lake, lile bovu. Nasuru aliinamisha birika juu ya kikombe cha Wamboga, likatoa matone mawili ya mashapo, likakoma, naye akabaki ameliinamisha vilevile kana kwamba kuna zaidi. Wamboga alirudi kichwani kwenye madaftari yake kumi na manne, ukurasa baada ya ukurasa, akimtafuta hata mama mmoja ambaye yeye alimuuliza kabla ya kupiga mstari. Hakumpata.

Ng'ambo ya barabara taksi ya Mbale ilikuwa inaita abiria wa mwisho. Wamboga alisimama, akaketi tena. Alimwomba Mama Nulu penseli. Akafungua ule ukurasa mweupe wa mwisho wa kitabu, akaukunjua juu ya goti.

– Mama Santa, jina lake lote huyo mtoto ni nani?

– Ogwang Denis.

– Na shangazi?

Santa alimtajia. Kisha akasogea, akainama juu ya bega lake, akasubiri mpaka aone ameandika.